Miti Mifupi ya Muforoma

Ukimpa mkono umsalimie, hakuurudisha upesi. Alikushika kidole gumba, akabonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, akaachia, akatazama damu inavyorudi. Ndipo alipojibu salamu. Wageni walidhani ni ukorofi. Sisi majirani zake wa Gihosha tulishazoea: unatoa mkono huku unaendelea na maneno yako, yeye anasoma ukucha, kisha anakuambia damu iko chini, kula lengalenga, ule mchicha wetu, na maharage. Mimi alinilisha maharage hayo miaka na miaka, kwa mdomo tu, sahani yenyewe sikuiona.

Kwetu Bujumbura muuguzi wa hospitali tunamwita muforoma, na mtaani hakuwa na jina lingine. Yeye alistaafu, jina halikustaafu. Lile la kwenye kitambulisho nalijua na sitalitaja. Alizaliwa kilima gani, baba yake alikuwa nani, babu yake alichunga ng'ombe wa nani, hayo pia msiniulize. Hapa mtu akianza kukuuliza mambo hayo, shika viatu mkononi ujiandae. Yeye akiulizwa alisema ni mtoto wa hospitali, basi, habari imekwisha.

Alikuwa Mwislamu wa mjini wa siku nyingi, mimi ni Mkongomani wa Uvira, wa kanisa la maombi ya kelele, na kilichotutenga ni ukuta wa matofali usiofika begani. Jumapili alisimama pale ukutani akaniuliza kama Mungu wetu ana matatizo ya masikio. Mwezi wa Ramadhani nilisimama palepale nikamuuliza kama anafunga chakula au anafunga maneno, maana jioni zote alikuwa anagomba. Lakini sambusa zake za futari zilipita juu ya ukuta ule, na fufu yangu ya muhogo na samaki vilirudi kwa njia hiyohiyo. Sukari tu ndiyo hakutoa. Kwa sukari alikuwa bahili, na alisema ubahili huo ni matibabu.

Sasa miti. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo watu wenye akili zao hupanda mchicha, yeye alikuwa na mabenchi, na juu ya mabenchi vyombo vya bati jeupe vya hospitali, vile vya kuwekea mikasi na pamba, vilivyochakaa vikatupwa. Alivitoboa kwa msumari, akatia changarawe na udongo, na ndani ya kila kimoja akaweka mti. Si mche, mti mzima: una shina lenye magamba, una matawi yaliyojipinda, una mizizi iliyoshika udongo kama miguu ya kuku, na wote hauzidi goti. Wajapani wanaiita bonsai, miti inayofupishwa chunguni kwa kukatwa mizizi na matawi miaka nenda miaka rudi. Aina yenyewe ya mti si ya kwetu. Kwa Kifaransa ni orme, na yeye aliitaja kwa sauti ya chini, taratibu, yeye ambaye madereva wa pikipiki aliwafokea mpaka mtaa wa pili.

Mtaani waliiita vilema. Kulikuwa na mama mmoja upande wa chini aliyesema mtu anayezuia mti usikue hashindwi kuzuia mtoto, na akakataza watoto wake wasipite pale. Muforoma alizipata habari. Siku iliyofuata alibeba mzani wake wa kupimia watoto, akaenda mpaka kwa yule mama, akawapima wote mlangoni mbele ya watu, akawakuta wamenona. Akamwambia mama yule kwamba anayetakiwa kufupishwa ni ulimi wake. Kuanzia hapo wakawa marafiki, na miti ikaendelea kuitwa vilema.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi, nakiri pia kwamba nilimwogopa kidogo. Matawi aliyafunga kwa waya za shaba alizotoa kwenye nyaya za umeme zilizoungua, akayakunja kidogo leo, kidogo mwezi ujao. Mti ukifika wakati wake aliutoa chomboni, akauosha mizizi kwenye maji, akaikata kwa mkasi wa vidonda bila kukunja uso, kama anapunguza kucha. Na ni mtu huyohuyo ambaye Idi ikifika hakuweza kuchinja jogoo wake mwenyewe. Alimwita fundi magari wa Nyakabiga aje amchinjie, na yeye akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimtania sana. Mtu umesaidia kukata miguu ya watu chumba cha upasuaji, jogoo anakukimbiza? Alijibu kwamba kukata ili kitu kiishi ni jambo moja, na kukata ili kife ni lingine, na yeye la pili hakusomea.

Miti ile ilitoka kwa daktari mmoja Mbelgiji, mpasuaji aliyefanya naye kazi zamani. Alipokuwa anaondoka moja kwa moja, alimwachia miti miwili, orme ya Kichina, aina inayovumilia joto letu. Mmoja ulikufa njia ya kutoka hospitali, uliangushwa. Uliobaki ndio huo aliouita Mkubwa, na wote wengine waliojaza mabenchi yale walitoka kwenye vipande vya mizizi yake. Lakini pamoja na mti daktari alimwachia hadithi. Kwao, alisema, orme zilikuwa ndefu kuliko kanisa, zikaja kuuawa na kuvu inayobebwa na mdudu. Nchi nzima zilikauka zimesimama. Zilizosalimika nyingi ni zile zilizokatwa fupi kuwa uzio wa mashamba, kwa sababu mdudu yule huruka juu, na haoni mti mfupi.

Hadithi ile Muforoma aliipenda mno. Alitusimulia mpaka tukawa tunaweza kumsimulia yeye. Na si kuisimulia tu, aliiishi. Walipotaka kumfanya mkuu wa wodi alikataa. Alipopata nafasi ya kujenga ghorofa kama wenzake alijenga nyumba inayokaribia kupiga magoti. Lango alilipaka rangi ya vumbi. Chama hiki kilipokuja kuandikisha watu alikuwa msikitini, kile kilipokuja alikuwa na homa. Miaka ya risasi ilipita juu ya paa lake, na watu waliokuwa warefu, nawakumbuka mmoja mmoja, leo hatunao. Kwa hiyo sikumcheka alipoinama kupita mlango ambao hata mimi napita wima.

Jambo moja alilisema mara chache, na hakulisema kwa majivuno. Hospitalini aliona vifo vingi mpaka akaacha kuhudhuria misiba ya mtaani, alituma mchele tu. Lakini pale nyuma ya nyumba, tangu aanze, hakuna mti uliomfia mkononi. Kulikuwa na iliyopukutisha majani, iliyopigwa na jua, iliyong'olewa na mbuzi wa watu, na yote aliiuguza ikarudi. Siku aliyoniambia hayo alikuwa anafuta jani kwa pamba. Alisema, "Hawa ndo wagonjwa wangu wenye hawajanifiaka. Mungu anisamehe, nakuwaka mbele yao na furaha kupita mbele ya watu."

Lazima nieleze kitu kwa msomaji asiye wa huku. Hospitali zetu mgonjwa halazwi peke yake. Huja na murwaza, yaani mtu wake wa kumuuguza: anampikia, anamfulia, anamgeuza, analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mgonjwa haulizwi uji, lakini lazima awepo wa kuupika. Asiye na murwaza wote wanamhurumia kuliko anayekufa. Na Muforoma kwa jambo hilo alikuwa mkali kuliko wote. Alisimama mlangoni akawazuia ndugu wanaotaka kuondoka. Akikuta mgonjwa hana mtu, alikwenda kitanda cha jirani, akachukua murwaza mmoja kati ya wawili, akamhamisha, bila kuuliza kabila wala dini.

Mimi nilimjua hivyo kabla hatujawa majirani. Nilikuwa murwaza wa mama yangu, kifua kikuu kilipomlaza, nikipokezana na mdogo wangu. Siku ambazo nilikuwa nimechoka hata kulia, Muforoma alinionyesha namna ya kukaa: usikae kichwani kwake, alisema, kaa miguuni, ushike miguu, maana macho yakifunga na masikio yakifunga, miguu bado inajua kama kuna mtu. Mama alikufa mchana, nimeshika miguu yake. Zamu ya Muforoma ilikuwa imekwisha zamani na alikuwa bado amesimama pale na mfuko wake begani. Mtu aliyenifanyia hayo, nitamwambiaje kwamba amekosea?

Na alikosea. Ndiyo habari yenyewe.

Mwaka juzi maji ya bomba yalianza kutuacha. Gihosha tuko mlimani, maji yakipungua sisi ndio wa kwanza kuyakosa. Tulibeba madumu kutoka chini, na mtu wa umri wake hakuweza kubeba mengi. Akapata akili ya kutafuta beseni kubwa pana la kufulia, akatia maji humo, na maji aliyotawadhia akayamimina humohumo, akaiweka miti iliyo dhaifu ndani yake ili inywe kwa chini. Nilimsifu. Nilisema kweli mzee ana akili.

Kisha mti mmoja ukaanza kulegea. Majani yaliinama huku maji yapo, yakawa ya njano, yakaanguka. Alifanya nini? Alifanya alichofanya maisha yake yote. Alikwenda benchi la pili, akachagua mti mzima, wenye nguvu, akauweka ndani ya beseni kando ya mgonjwa, majani yakigusana. Akaniambia kwamba huyo ndiye murwaza wake. Alisema miti nayo huhisi, mgonjwa akiwa na mwenzake mwenye afya hukumbuka namna ya kuwa mzima. Mimi niliona ni jambo zuri. Nilikwenda kanisani nikalisimulia, watu wakasema Amina.

Murwaza akaugua. Akamletea murwaza mwingine. Huyo naye akaugua, na aliyemleta kumwuguza naye pia. Haikuwa haraka, ndiyo maana hatukuona. Mti hufa polepole kwa adabu, hauiti mtu. Mvua zilikuja zikaisha, kiangazi kikaingia, na kila nilipotazama juu ya ukuta benchi moja lilikuwa limepungua na beseni limejaa.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alifungua vidonge vya wagonjwa akavimimina kwenye udongo. Akaosha mashina kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda mpaka mikono yake ikawa kama ya mtu aliyekula zambarau za wizi. Akanyunyiza dawa ya nyanya. Akafunga bandeji kwenye mashina, akazibadilisha kila asubuhi, na kila asubuhi chini ya bandeji ganda lilikuwa laini zaidi. Alikwenda kwa shehe akasomewa dua. Akaja ukutani, yeye na kiburi chake chote, akaniuliza kama kanisani kwetu tunaombea pia miti. Nilimwambia tunaombea hata gari lisilo na mafuta. Hakucheka. Nikaingia ndani nikalia, kwa sababu nilimjua mtu huyu na sikuwahi kumwona anamwomba mtu kitu.

Alikuwa na hakika kwamba ni yule mdudu wa kwa daktari. Alishinda uani mchana kutwa anatazama juu, na kipande cha chandarua mkononi, anasubiri kitu chenye mabawa. Akaanza kuikata miti ifupike zaidi, ile mizima, akidhani imeonekana. Ilibaki vishina, navyo kimoja kimoja vikaishia kwenye beseni; Mkubwa tu hakumgusa. Nilimwambia, muzee, tafuta mtu wa miti. Alisema miti yake haina mtu mwingine.

Basi nilikwenda mwenyewe. Kuna agronome mmoja anakaa Kinindo, mtu wa miche ya kahawa, nilimshonea mke wake nguo. Mafuta hayakuwepo mjini, mabasi yamelala, nikashuka kwa miguu kutoka Gihosha mpaka karibu na ziwa, tawi na kipande cha mzizi vimefungwa kwenye kitenge. Yule bwana alipasua mzizi kwa kisu, ndani ukawa na rangi ya chai iliyochemka sana. Akanusa. Akaniuliza orme hizo zinakaaje. Nikamweleza beseni. Nikamweleza murwaza. Aliweka kisu chini. Alisema hakuna mdudu. Ni ugonjwa wa mizizi, unaogelea, na maji ya beseni moja ndiyo barabara yake. Kila mti mzima uliowekwa pale ulipelekwa kuambukizwa. Iliyougua ichomwe moto, beseni likaushwe juani, mizima iliyobaki itengwe mbali, na mkono unaogusa wagonjwa usiguse wazima. Akaniuliza mizima imebaki mingapi. Nilimwambia, wakati natoka, mmoja. Mkubwa.

Nilipanda mlima ule nikiomba njia iwe ndefu. Nilipofika, nilimkuta uani amembeba Mkubwa kifuani. Anampeleka kwenye beseni.

Nilimshika mikono. Nilimwambia yote palepale, tumesimama, mti katikati yetu, nikasema haraka ili nisiogope. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza ndugu wa wagonjwa, bila kukatiza. Kisha akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

"Miaka yote ya kazi sijaachaka mugonjwa peke yake," alisema. "Sasa unataka nianze na hawa?"

"Mi sitaki kitu, muzee. Mi nataka huyu abakie."

"Na hawa wengine?"

"Hawa apana. Hawa wamekwisha."

Sikio la kufa halisikii dawa, nilidhani ndivyo itakavyokuwa, atanisukuma apite. Lakini mikono yake ilianza kulegea. Nilimpokea Mkubwa, mzito kuliko nilivyofikiri, nikarudi naye hatua chache, na yeye akabaki ameweka mikono vilevile kana kwamba bado ameshika kitu. Akaitazama ile miti ndani ya beseni, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio alivyoiingiza. Nikajua anahesabu nani alimwuguza nani. Akakaa chini kwenye simenti.

Nilifikiri atalia juu ya miti. Laiti angelia juu ya miti. Alianza kuzungumza habari za wodi, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ku salle ya kifua tulikuwa tunalaza warwaza chini, karibu na kitanda. Ni mi nilikuwa nawaambia wabakie. Kulikuwa mama mumoja alitaka kurudi kwa watoto wake, nikamufungia mulango. Nikamuambia atakuwa mutu gani huyo." Akaitazama tena miti ya beseni. "Hawakuwa wanarudi kutuambia wamepata nini. Watu wanarudiaka nyumbani, hatuwaonake tena."

Nilimwambia kwamba watu si miti. Nilimwambia madirisha yalikuwa wazi. Nilisema chochote kilichonijia. Akainua uso.

"We, nyuma ya kifo ya mama yako, ulikohoa?"

"Mimi apana."

"Na mudogo wako?"

Mimi mtu akiniuliza, najibu. Ndivyo nilivyoumbwa na imenigharimu. Nilimwambia ndiyo, mdogo wangu alikohoa mwaka uliofuata, lakini akapata dawa, akanywa zote, akapona, sasa yuko Uvira na watoto wake na anapiga kelele kunishinda mimi. Alisikia neno moja tu, ndiyo. Mengine yalipita juu yake. Alishika kichwa kwa mikono yake ya zambarau na akabaki hivyo mpaka adhana ya alasiri, na adhana ilipoisha hakuinuka.

Kuanzia siku ile Mkubwa alikaa kwangu, barazani, juu ya kiti nilichoweka kwa ajili yake peke yake. Muforoma hakuvuka kuja kumwona. Nilimkaribisha, akaonyesha mikono yake, akasema ina ugonjwa. Alisimama upande wake wa ukuta, mbali kidogo, akaniuliza ameamkaje. Nilimweleza: majani yamesimama, kuna chipukizi jipya upande wa kushoto, leo nimemgeuza kwenye jua. Aliuliza tena, nilieleza tena. Alinifundisha kwa mdomo namna ya kupima maji kwa kidole, namna ya kupunguza jani. Mimi ambaye hata mchicha unanifia, nilikuwa naamka kumtazama Mkubwa kabla sijamtazama mume wangu.

Iliyougua hakuichoma. Nilimwambia mara moja, sikurudia. Beseni alilimwaga, akaipanga miti ile chini kwenye mkeka, bila majani, na yeye akahamia pale. Alikula pale, alisali pale. Kila mmoja aliupa maji yake kwa kikombe, kikombe chake mwenyewe, asichanganye. Alijua imekufa, alikuwa na macho. Watu walianza kusema mzee amechanganyikiwa. Yule mama wa upande wa chini, yule wa mzani, alileta uji, akaurudisha umepoa. Nilikuwa nasikia wanavyosema na sikuwa na nguvu ya kugombana nao. Alikuwa anakonda mbele yetu, na kitu pekee kilichomfanya asogee ukutani ni habari za mti ule mmoja. Ndiyo maana niliomba. Sikuomba kwa kelele. Nilisema, Bwana, vingine vyote nimekuachia, huyu niachie.

Mvua ya kwanza ya mwaka ilinyesha asubuhi. Mchana jua lilitoka, nikaenda barazani, nikakuta tawi moja la Mkubwa limeinama. Udongo ulikuwa na unyevu. Nilikaa nalo kitambo, nikijiambia ni upepo. Nilikwangua ganda kwa ukucha, kama alivyonifundisha, nikaona rangi. Labda siku ile alikuwa ameshamtia majini na kumtoa kabla sijafika. Labda ni mkono wangu mwenyewe. Sijui, na sijapata wa kumuuliza.

Sikumwita kutoka ukutani. Nilizunguka, nikapita lango lake la rangi ya vumbi, nikaingia mpaka uani. Alikuwa mkekani na kikombe chake. Aliponiona nimekuja kwa miguu, bila kitu mkononi, alikiweka chini.

"Ameamkaje?"

Mimi mwenye mdomo huu niligeuka nikatazama upande wa baraza yangu.

"Tawi gani?" akauliza.

"Lenye kuangalia ziwa."

"Umekwangua?"

"Ndiyo."

"Rangi?"

"Ya chai."

Akafuta mikono kwenye shati, polepole, kidole kimoja kimoja. Nikaanza kusema. Nilisema nitarudi Kinindo sasa hivi, nitamleta yule bwana hata kama ni kwa kumbeba mgongoni, tunaweza kukata lile tawi, tunaweza kubadilisha udongo, ni tawi moja tu. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikiwa kama ya ndugu za wagonjwa pale kwenye korido, ile sauti ambayo muforoma yeyote ameisikia mara nyingi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Basi umulete hapa," alisema. "Asibakie kule peke yake."

Nikaenda kumchukua. Kiti kilibaki barazani na alama ya maji. Nilipita naye barabarani, mama wa upande wa chini akaniona, akasimama. Muforoma alikuwa ameisogeza miti mingine, ameacha nafasi katikati ya mkeka. Nilimweka Mkubwa hapo, na yeye akashika ukingo wa chombo cha bati kwa mikono yote miwili, akamgeuza kidogo ili lile tawi lielekee upande wake. Kisha akasogea kunipisha. Nilivua ndala, nikakaa.